Vikombe Vingapi vya Kahawa kwa Siku? Hesabu ya Kafeini kwa Mnywaji wa Kigoma Ujiji

Kiwango kinachotajwa mara nyingi zaidi pale kahawa na afya vinapojadiliwa ni miligramu 400 za kafeini kwa siku. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilikifikia kiwango hicho mwaka 2015 baada ya kupitia tafiti zilizokuwapo, na Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani nayo hutaja kiasi hichohicho kwa watu wazima wenye afya njema. Habari hiyo inapofika kwenye simu zetu huwa imekwisha kugeuzwa kuwa "vikombe vinne kwa siku", na hapo ndipo mnywaji wa Kigoma Ujiji anapopotezwa, kwa kuwa kikombe kinachokusudiwa ni kile kikubwa cha takribani mililita 240, ilhali kikombe cha muuza kahawa wa Mwanga au Ujiji hubeba kama mililita 60 hadi 80 tu. Anayeitumia kanuni ya vikombe vinne kwa vikombe hivyo vidogo anajibana bila sababu, na anayejikorogea nyumbani vikombe vinne vikubwa, kila kimoja kwa vijiko vitatu vya kahawa ya kuyeyuka, huvuka mpaka huku akiamini kwamba amefuata ushauri wa wataalamu.

Namba 400 yenyewe inahitaji kusomwa kwa uangalifu. Ni mpaka wa juu ambao mtu hashauriwi kuufikia wala kuukaribia kwa makusudi, na asiyekunywa kahawa kabisa hapungukiwi na chochote mwilini. Aidha, imekokotolewa kwa mtu mzima mwenye uzito wa kilo 70, yaani takribani miligramu 5.7 kwa kila kilo ya mwili, na kwa hiyo mwanamke mwenye kilo 50 akifuata uwiano huohuo atapata mpaka wa karibu miligramu 285. Tena wataalamu wa Ulaya waliweka sharti ambalo wengi wanaoisimulia namba hiyo hulisahau, kwamba mtu mzima asizidishe miligramu 200 kwa mkupuo mmoja, hata kama siku nzima hatakunywa nyingine.

Sasa tuipigie hesabu kahawa ya kijiweni. Mbegu za arabika, ambayo ndiyo kahawa inayolimwa katika milima ya Kalinzi na katika wilaya za Buhigwe na Kasulu, huwa na kafeini inayokaribia asilimia 1.2 ya uzito wake, na zile za robusta, zinazotoka zaidi kwa majirani zetu wa Kagera, hufikia takribani asilimia 2.2. Tuchukulie kwamba muuza kahawa ametia gramu 50 za kahawa iliyotwangwa katika lita moja ya maji na kuiacha ichemke kwenye jiko la mkaa mpaka ikolee. Kuchemsha kwa muda mrefu hutoa karibu kafeini yote iliyomo, kwa hiyo ikiwa ni arabika lita hiyo itabeba takribani miligramu 600, na kikombe cha mililita 70 kitakuwa na kama miligramu 40. Ikiwa ni robusta, lita ileile itakaribia miligramu 1,100 na kikombe kimoja kitafika karibu 75. Miligramu 400, basi, ni vikombe kumi vya birika la kwanza lakini ni vitano tu vya birika la pili, ingawa rangi, harufu ya tangawizi na bei havimwonyeshi mnywaji tofauti yoyote. Kuna na jambo la birika lililokaa motoni kutwa nzima: maji hupungua kwa mvuke lakini kafeini hubaki, na ndiyo sababu kikombe cha mwisho huwa kikali kuliko cha kwanza. Njia ya uhakika ya kujua unachokunywa ni kumuuliza muuzaji anatumia kahawa ya wapi na anatia kiasi gani, na wengi wao hujibu bila kinyongo, kwa sababu mtu akiulizia kahawa yake huona amesifiwa.

Hesabu haiishii kwenye kahawa. Kikombe kikubwa cha chai ya rangi huwa na takribani miligramu 40 hadi 50 za kafeini, kijiko kimoja cha chai cha kahawa ya kuyeyuka hutoa kama miligramu 60, chupa ya soda ya kola ya mililita 330 huwa na zaidi kidogo ya 30, na vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo vingi huwa na miligramu 32 katika kila mililita 100, hutoa miligramu 80 kwa kopo la mililita 250. Mfikirie mvuvi wa dagaa wa Kibirizi au Katonga katika zile siku za giza ambazo dagaa huvutwa na taa, akitoka jioni na kurudi alfajiri. Vikombe viwili vya chai kabla ya kutoka ni karibu miligramu 90, vinywaji viwili vya kuongeza nguvu akiwa ziwani ni 160, na vikombe vinne vya kahawa chungu mwaloni akisubiri wanunuzi ni 160 nyingine. Jumla ni 410, lakini mvuvi huyo akiulizwa atajibu kwa moyo mweupe kwamba amekunywa vikombe vinne vidogo vya kahawa. Dereva wa bodaboda anayekesha kituo cha mabasi yuko katika hesabu hiyohiyo.

Suala la pili, ambalo kwa maoni yangu linatuhusu sisi kuliko hata idadi, ni saa ya kunywa. Ubongo unapokuwa macho hukusanya taratibu kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyoongezeka ndivyo usingizi unavyokuja. Kafeini ina umbo linaloikaribia, nayo hufanya kama mgeni aliyewahi kiti barazani, adenosini ikafika ikakuta nafasi imekaliwa. Wakati wote huo adenosini huendelea kujikusanya, na hivyo kafeini inapopungua uchovu humwangukia mtu kwa pamoja. Mtu mzima wa kawaida huchukua takribani saa tano kuondoa nusu ya kafeini aliyokunywa, ingawa wapo wanaochukua chini ya saa mbili na wapo wanaozidi tisa. Vijiwe vyetu huchangamka jua likishazama. Aliyemaliza swala ya Isha akakaa kwenye benchi na kunywa vikombe vitatu vyenye jumla ya miligramu 180 saa mbili usiku, saa saba usiku atakuwa bado na miligramu 90 katika damu yake, ambayo ni sawa na kulala baada ya kunywa vikombe viwili vya arabika. Huenda akalala, na wengi hujisifu kwamba kahawa haiwanyimi usingizi, lakini usingizi wenyewe huwa mwepesi na mfupi. Katika jaribio moja lililochapishwa mwaka 2013, watu waliopewa miligramu 400 za kafeini saa sita kabla ya kulala walipungukiwa na zaidi ya saa moja ya usingizi. Aliyelala vibaya huamka mzito, akatafuta kahawa zaidi asubuhi, na mzunguko ukaendelea miezi na miaka bila yeye kuona kwamba kahawa ya usiku ndiyo inayomlazimisha kunywa ya asubuhi.

Tofauti kati ya mtu na mtu inatoka zaidi kwenye ini. Kimeng'enya kinachovunja kafeini hufanya kazi kwa kasi tofauti kutegemea urithi wa mtu, na tena hubadilishwa na mambo mengine ya maisha. Sigara hukiharakisha, kiasi kwamba mvutaji huondoa kafeini karibu mara mbili ya kasi ya asiyevuta, na anapoacha kuvuta huku akiendelea na vikombe vilevile anaweza kupata mapigo ya moyo ya kasi, kutetemeka na wasiwasi ambavyo atadhani vinatokana na kukosa tumbaku, kumbe kahawa yake imekuwa na nguvu maradufu. Vidonge vya uzazi wa mpango hufanya kinyume chake, kwani huongeza muda wa kafeini mwilini takribani mara mbili. Siprofloksasini, dawa inayotolewa sana kwa maambukizi ya njia ya mkojo na ya tumbo, nayo huzuia kimeng'enya hicho, na mgonjwa anayeitumia hufanya vizuri kupunguza kahawa mpaka amalize dozi. Anayetumia vidonge vya homoni ya tezi ya shingo asivimeze kwa kahawa, kwa kuwa kahawa hupunguza kiasi cha dawa kinachoingia mwilini.

Mjamzito anastahili hesabu yake peke yake. Kadiri mimba inavyokua, muda wa kuondoa nusu ya kafeini hurefuka mpaka kukaribia saa 15, na mtoto aliye tumboni hana vimeng'enya vya kujisaidia, hivyo kinachozunguka kwa mama kinamzunguka na yeye. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, lilishauri kwamba wajawazito wanaotumia zaidi ya miligramu 300 kwa siku wapunguze ili kuepuka hatari ya mimba kuharibika na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. Wataalamu wa Ulaya waliweka mpaka wa miligramu 200 kwa mjamzito na kwa anayenyonyesha, na huo wa chini ndio ningemshauri dada yeyote aufuate, huku akikumbuka kwamba vikombe viwili vikubwa vya chai ya asubuhi na jioni vimekwisha kula karibu nusu yake. Kwa watoto, kiasi kinachotajwa ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito, maana yake mtoto wa kilo 20 ana mpaka wa miligramu 60, na kopo moja la kinywaji cha kuongeza nguvu analouziwa dukani bila kuulizwa umri linavuka mpaka huo.

Kuhusu presha, watu wengi wamekatazwa kahawa bila kuelezwa sababu, na wengine wameruhusiwa bila kupimwa. Kafeini hupandisha shinikizo la damu kwa muda wa saa chache, hasa kwa mtu asiyeizoea, lakini kwa mnywaji wa kila siku mwili hujizoesha na ongezeko hilo hupungua. Tafiti za muda mrefu hazijaonyesha kwamba kahawa ya wastani huwaletea watu wazima wenye afya ugonjwa wa shinikizo la damu. Hali ni tofauti kwa ambaye presha yake iko juu sana. Utafiti uliofanyika Japani na kuchapishwa mwaka 2022 uliona kwamba, miongoni mwa watu wenye presha ya 160 kwa 100 au zaidi, waliokunywa vikombe viwili au zaidi vya kahawa kwa siku walikuwa na hatari ya kufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa karibu mara mbili ya wasiokunywa, ilhali kikombe kimoja hakikuongeza hatari hiyo, na chai ya kijani pia haikuongeza. Kwa hiyo mtu hawezi kujibiwa swali la vikombe vingapi kabla hajajua presha yake ni ngapi, na kuipima ni kazi ya dakika chache katika kituo chochote cha afya. Asinywe kahawa katika nusu saa inayotangulia kipimo, la sivyo atapimwa pamoja na kahawa yake.

Kwa upande wa faida, ushahidi ni mwingi kuliko wengi wanavyodhani. Mapitio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2017 katika jarida la kitabibu la Uingereza yalikusanya uchambuzi zaidi ya 200 na kuona kwamba wanywaji wa vikombe vitatu hadi vinne kwa siku, vile vikubwa, walikuwa na vifo pungufu kwa takribani asilimia 17 wakilinganishwa na wasiokunywa, na kwamba magonjwa ya ini, kisukari cha aina ya pili na baadhi ya saratani vilionekana kidogo zaidi kwao. Hata hivyo sehemu kubwa ya tafiti hizo ni za kuwatazama watu walivyoishi, na mtu anayekunywa vikombe vinne huenda anatofautiana na asiyekunywa kwa kipato, kwa chakula au kwa sababu tu kwamba yule wa pili alishaugua akaacha. Kahawa isiyo na kafeini nayo ilionyesha baadhi ya manufaa hayo, jambo linaloashiria kwamba kemikali nyingine za kahawa zina mchango wake. Hoja hii inampa mnywaji utulivu wa moyo. Haimpi asiyekunywa sababu ya kuanza. Isitoshe, faida hizo zilihesabiwa kwa kahawa, na anayetia vijiko vinne vya sukari katika kila kikombe anakunywa kitu kingine. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba sukari ya kuongezwa ikae chini ya asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana asilimia 5, ambayo ni kama vijiko sita vya chai, na hapa kahawa chungu ya Ujiji inawashinda wengi kwa mbali, mradi kashata zinazoisindikiza zisiwe sahani nzima.

Jambo ambalo halizungumzwi vijiweni ni joto. Mwaka 1991 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kahawa katika kundi la vitu vinavyoweza kuhusishwa na saratani ya kibofu. Mwaka 2016 lilipitia upya ushahidi na kuiondoa kahawa kwenye kundi hilo, lakini katika kikao hichohicho likatangaza kwamba vinywaji vyovyote vinavyonywewa vikiwa na joto linalozidi nyuzi 65 za Selsiasi huenda husababisha saratani ya umio, yaani bomba linalopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni. Kwa kuwa mashariki mwa Afrika, Tanzania ikiwamo, ni miongoni mwa maeneo ya dunia ambako saratani hiyo huonekana kwa wingi, onyo hilo linatuhusu moja kwa moja, ingawa tumbaku na pombe navyo vimo katika visababishi. Birika linakaa juu ya mkaa na kahawa inamiminwa ikiwa karibu na kiwango cha kuchemka, kisha mnywaji anaivuta kwa ncha ya midomo huku akipuliza. Heri yetu ni kwamba kikombe kidogo hupoa haraka, na dakika chache za maongezi zinatosha kuishusha kahawa mpaka iweze kunywewa bila kupulizwa.

Chakula nacho kina neno lake. Jaribio lililochapishwa mwaka 1983 lilionyesha kwamba kikombe cha kahawa kilichonywewa pamoja na mlo kilipunguza madini ya chuma yaliyofyonzwa kwa asilimia 39, na chai ikapunguza kwa 64. Kahawa iliyonywewa saa moja kabla ya kula haikuwa na athari, lakini iliyonywewa saa moja baada ya kula ilipunguza sawasawa na ile ya mezani. Madini ya chuma yanayotoka kwenye mimea ndiyo huathirika zaidi, na mlo wa kawaida wa mkoa wetu, ugali wa muhogo kwa maharage au sombe, unategemea chuma cha namna hiyo. Utafiti wa kitaifa wa hali ya watu na afya wa mwaka 2015–16 ulikuta takribani asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na upungufu wa damu. Kwa wanawake hao, na kwa anayemeza vidonge vya kuongeza damu, kahawa au chai ya kushushia chakula ni gharama halisi, na inaepukika kwa kuinywa saa moja kabla ya mlo au saa mbili na zaidi baada yake.

Kahawa ya kuchemshwa bila kupitishwa kwenye karatasi ya kuchujia hubaki na mafuta yanayopandisha lehemu (kolesteroli) mbaya katika damu, jambo lililogunduliwa kwa wanywaji wa kahawa ya namna hiyo huko Skandinavia. Aliyeambiwa lehemu yake iko juu anaweza kuichuja kwa karatasi au kuhamia kahawa ya kuyeyuka, ambayo karibu haina mafuta hayo. Ama vidonda vya tumbo, husababishwa zaidi na bakteria na dawa za maumivu kama diklofenaki, wala si kahawa. Lakini kwa kuwa kahawa huchochea asidi, mwenye vidonda au kiungulia anayeona inamsumbua hana sababu ya kujilazimisha.

Limebaki suala la kuacha au kupunguza, ambalo kwa mji wenye Waislamu wengi kama Ujiji hujitokeza kila mwaka katika siku za kwanza za Ramadhani. Maumivu ya kichwa ambayo wafungaji wengi huyahesabu kuwa ya njaa, mara nyingi ni ya kukosa kafeini: huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, huwa makali zaidi siku ya pili, na huweza kudumu kutoka siku mbili hadi tisa, pamoja na uchovu na hasira za karibu. Hata anayekunywa miligramu 100 tu kila siku anaweza kuyapata. Dawa yake ni kuanza kupunguza mapema katika mwezi wa Shaaban, kikombe kimoja kila baada ya siku mbili au tatu, akianza na vile vya asubuhi na mchana ambavyo mfungo utavikataza. Katika mwezi wenyewe, kikombe kimoja au viwili baada ya kufuturu vinatosha kuzuia maumivu, na vikinywewa mapema, kabla ya tarawehe badala ya baada yake, vitakuwa vimepungua nguvu kufikia saa ya kulala kabla ya kuamkia daku.